Tuache Kuogopa Mgomba, Tuogope Kukosa Sheria

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Mada ilikuwa: "Bioteknolojia ya mimea ni adui wa mkulima wa Afrika." Upande uliounga mkono mada ulishinda kwa kura nyingi. Msemaji wao wa mwisho alisimama, akainua ndizi moja juu ya kichwa, akasema hii ni zawadi ya Mungu na ya mababu zetu, na sasa watu wa maabara wanataka kuitia sumu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hata mhadhiri aliyeketi safu ya mbele alipiga makofi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilipopewa dakika mbili za kujibu, nilibabaika, nikaketi. Hasira ya siku ile haijaniisha. Insha hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa pale pale ukumbini.

Nianze na kisu.

Nimelelewa na bibi yangu, au Jjajja kama tunavyosema sisi Waganda, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kayunga. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na lusuku, yaani shamba la migomba, ambalo yeye mwenyewe alilikuta alipoolewa. Nilipokuwa na umri wa miaka saba, kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kukata majani ya kufungia matooke. Wenzangu mnaotoka nje ya Buganda mjue kwamba matooke hayatupwi tu chunguni. Humenywa, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha hupikwa taratibu kwa mvuke mpaka yalainike. Majani mazuri yalipopungua kwetu, Jjajja alinituma kwa jirani. Nilikwenda na kisu chetu, nikakata majani kwenye migomba ya jirani, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikakata migomba yetu kwa kisu kile kile. Migomba ya jirani ilikuwa imeanza kunyauka. Tulidhani ni jua.

Hazikupita wiki nyingi migomba yetu nayo ikaanza. Majani yaligeuka manjano, yakalegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mikungu ambayo haijakomaa iliiva kabla ya wakati, na ndizi zikipasuliwa ndani zilikuwa zimeoza na kuwa za rangi ya kahawia. Shina likikatwa, lilitoa ute wa manjano. Kijijini tuliuita ugonjwa huo kiwotoka. Ndugu zetu wa Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, wanauita unyanjano. Vitabuni mtaukuta kwa jina la mnyauko bakteria wa migomba. Ndani ya miaka miwili Jjajja alikuwa mtu wa kununua matooke sokoni. Asiyejua aibu ya jambo hilo kwa mwanamke mzee wa Kiganda hawezi kuielewa hasira yangu.

Baadaye alikuja bwana shamba, akatukusanya chini ya mwembe, akatueleza kwamba bakteria hao husafiri kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni wadudu wanaotembelea lile ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu. Ya pili ni vyuma vya kukatia: panga na kisu. Aliposema kisu, Jjajja hakunitazama. Alitazama chini. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nasimulia kwa sababu katika mdahalo ule watu walizungumza kuhusu mgomba kana kwamba uko salama mahali fulani, ukisubiri tu maabara ije kuuharibu. Mgomba wetu hauko salama. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, kwenye enseti, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Mwaka 2001 ulitambuliwa hapa Uganda, katika eneo la Mukono. Kutoka hapo umeenea katika nchi za jirani: Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya, na baadaye Burundi. Hauna dawa ya kunyunyizia. Mgomba ulioshikwa hauponi. Kwa hiyo anayesema "tuuache mgomba ulivyo" anapaswa kumalizia sentensi yake: tuuache ulivyo, ukiwa mgonjwa.

Hapa lazima nisafishe neno lenyewe, kwa maana katika mdahalo ule neno "bioteknolojia" lilikuwa gunia ambamo kila mtu alitumbukiza hofu yake. Bioteknolojia ya mimea ni mambo mengi. Moja ni ukuzaji wa miche kwa tishu: wataalamu huchukua kipande kidogo sana cha chipukizi, wakakikuza ndani ya chupa katika chakula maalumu, na kutoka kipande hicho wakapata mamia ya miche isiyo na minyoo wala fukusi. Migomba ya namna hii imekuwa ikiuzwa Uganda na Kenya kwa miaka mingi. Baadhi ya waliopiga makofi siku ile wamekula ndizi zake tangu utotoni. Jambo la pili ni kutumia alama za vinasaba kuchagua mmea mzazi ulio bora, bila kuongeza wala kupunguza chochote ndani yake. La tatu ndilo linalozua kelele: kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine, kile ambacho redio zetu hukiita GMO. Mtu akiyachanganya matatu haya, amepoteza haki ya kutufundisha chochote.

Miche ya tishu ni msaada mkubwa, lakini haimalizi kiwotoka. Mche wa chupa huingia shambani ukiwa msafi. Ukipandwa karibu na mgomba mgonjwa, ukaguswa kwa panga chafu, unakufa kama mwingine wowote. Usafi si kinga. Na kinga ndiyo iliyokosekana, kwa sababu migomba yetu ya nyanda za juu, hata yenye majina tofauti, ni jamaa wa karibu mno. Haina mbegu. Kila mgomba ni chipukizi la mgomba mwingine, na chipukizi hilo ni nakala ya mama yake. Kwa karne nyingi hakujawa na mchanganyiko wa kutosha wa kuleta nguvu mpya. Kuzalisha aina mpya kwa kuchavusha huchukua muda mrefu sana, mara nyingi zaidi ya miaka kumi, na mwisho wake huenda ladha isiwe ile ambayo Jjajja angeikubali mezani.

Ndipo tunafika Kawanda. Kaskazini mwa Kampala, kandokando ya barabara ya Bombo, kuna maabara za taifa za utafiti wa kilimo. Si mali ya kampuni ya ng'ambo. Ni za Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, na Waganda wanafanya kazi humo. Wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, watafiti walichukua jeni mbili kutoka kwenye pilipili hoho na kuziingiza katika mgomba. Jeni hizo zinausaidia mgomba kufanya jambo ambalo mimea mingi hulijua: bakteria akiingia, seli zilizo karibu naye zinajiua mapema, naye anakosa njia ya kusonga mbele. Mwaka 2010 migomba hiyo ilianza kujaribiwa katika shamba lililozungushiwa uzio, pale pale Kawanda. Iliambukizwa bakteria kwa makusudi. Migomba ya kawaida ilikufa. Kati ya ile yenye jeni, kadhaa ilibaki mizima, ikazaa mikungu, na machipukizi yake yakabaki mizima pia.

Miaka imepita tangu wakati huo. Jjajja hajauona mgomba hata mmoja wa aina hiyo, isipokuwa kwenye picha niliyomwonyesha katika simu.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, hoja moja baada ya nyingine. Nitawajibu kwa heshima, kwa sababu si hoja zao zote zilizo dhaifu.

Hoja ya kwanza ni ya usafi wa asili. Wanasema mgomba ni wetu, umetoka kwa mababu, tusiuchafue. Mgomba umetoka Asia. Ulivuka bahari maelfu ya kilomita, na mababu zetu wakaupokea, wakauchagua, wakaupa majina, wakaufanya wao. Mahindi na mihogo vimetoka Amerika. Viazi vitamu vimetoka huko huko. Bibi zetu hawakuwa walinzi wa jumba la makumbusho. Walikuwa wajaribu hodari: mmea mgeni ulipoonekana kwa jirani, waliomba mche, wakaupanda pembeni, wakautazama misimu miwili, kisha wakaamua. Anayewageuza mababu zetu kuwa watu wa kuogopa kila kipya anawavunjia heshima. Isitoshe, kuna mradi mwingine pale Kawanda wa kuongeza vitamini A kwenye ndizi zetu, na jeni yake imetoka kwa ndizi nyingine, aina inayoota Papua New Guinea. Ni ndizi kumsaidia ndizi mwenzake. Huo uchafu uko wapi?

Hoja ya pili ni ya sumu. Ni hoja nzito, kwa kuwa mtu ana haki ya kuuliza anakula nini. Lakini haki ya kuuliza huja na wajibu wa kusikiliza jibu. Majirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya usalama wa kibayolojia mwaka 2009. Mwezi Novemba 2012 serikali yao ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Miezi miwili kabla, utafiti mmoja wa Ufaransa kuhusu panya na mahindi ulikuwa umechapishwa na kuzua hofu kubwa. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, likisema matokeo yake hayatoshi kuthibitisha jambo lolote. Marufuku haikuondolewa. Ilibaki hadi Oktoba 2022, na ilipoondolewa kesi zikafuata mahakamani. Karibu miaka kumi ilipita huku msingi wa hofu ukiwa umekwisha kubomoka. Sisemi kwamba kila mmea uliobadilishwa vinasaba ni salama. Kusema hivyo ni ujinga ule ule uliogeuzwa upande. Nasema kila mmea upimwe peke yake: una protini gani mpya, je, inaweza kumdhuru mlaji, je, mtu wa mzio atadhurika? Pilipili hoho tunaikata kwenye kachumbari. Hilo linanipa matumaini, lakini halitoshi kunipa uhakika. Uhakika utoke kwenye vipimo, na vipimo hivyo vichapishwe ili tuvisome.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na hakuna aliyeitoa katika mdahalo. Ningekuwa upande wao ningeanza nayo. Ni hii: kiwotoka kinaweza kudhibitiwa bila jeni yoyote. Unavunja ua la dume kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea. Unachoma kisu motoni au kukiosha kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ukiona shina moja limeugua, unalikata hilo peke yake hadi usawa wa ardhi bila kung'oa shina zima na watoto wake, kwa maana watafiti waligundua kwamba si kila chipukizi katika kundi huwa limeambukizwa. Njia hizi zinafanya kazi. Zimeokoa mashamba mengi.

Basi kwa nini nisiridhike? Kwa sababu nimeishi nazo. Kanuni hizi hufanya kazi kijiji kizima kikizifuata, kila siku, kila mwaka, bila mtu kusahau. Jjajja wangu ana miaka zaidi ya sabini. Mikungu mingine imening'inia juu kuliko mkono wake. Sisi wajukuu tuko vyuoni na mijini. Jirani yake amehamia Jinja na kuacha shamba bila mtu, na katika shamba hilo kuna kayinja, ndizi ya pombe, inayoshikwa na ugonjwa huu kirahisi kuliko nyingine, na ambayo wenyewe hawaihudumii kwa bidii kama wanavyohudumia matooke. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Uzembe wa mmoja ni msiba wa kumi. Kumwambia mwanamke mzee kwamba dawa ipo, kinachohitajika ni nidhamu yake na ya majirani zake wote hadi kufa kwao, ni kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuubebi. Njia hizi ziendelee kufundishwa. Hata mgomba wenye kinga utazihitaji, maana bakteria nao hubadilika. Lakini zisitumiwe kama kisingizio cha kumnyima Jjajja mgomba ambao ungesamehe siku moja ya kusahau. Au siku moja ya mtoto wa miaka saba.

Hoja ya nne ni ya makampuni. Hapa niko karibu na wapinzani wangu kuliko wanavyodhani. Tazameni Burkina Faso. Kuanzia mwaka 2008 wakulima wake walipanda kwa wingi pamba yenye jeni ya kujikinga na viwavi, jeni iliyomilikiwa na Monsanto. Viwavi walipungua. Lakini nyuzi za pamba zikawa fupi kuliko zile zilizoipa pamba ya nchi hiyo sifa yake sokoni. Makampuni ya pamba ya Burkina Faso yakapata hasara, yakadai fidia, na kufikia mwaka 2016 nchi ikaachana na pamba hiyo. Hakuna aliyekula sumu pale. Kilichowaumiza ni kwamba mwenye jeni alikuwa mwingine, na aliyebeba hasara alikuwa mwingine.

Sasa tazameni Bangladesh. Mwaka 2013 serikali yake iliidhinisha mabilinganya yenye jeni ya kujikinga na funza wanaotoboa matunda. Aina hizo zilitolewa kupitia taasisi ya utafiti ya umma. Si chotara, hivyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu kutoka shambani mwake na kuipanda tena. Wakulima waliokuwa wakinyunyizia dawa mara nyingi kwa msimu mmoja, wakiivuta puani na kuimwaga kwenye udongo na vijito, walipunguza sana unyunyiziaji huo. Sayansi inayofanana, mwisho tofauti. Kilichotofautisha ni nani mwenye mbegu. Anayetuambia GMO zote ni nzuri na anayetuambia GMO zote ni mbaya wamekataa, wote wawili, kutazama jambo hilo hilo moja.

Hoja ya tano ni ya mazingira. Wapinzani wanahofia kwamba jeni itatoroka na kuingia katika mimea ya porini. Kwa mahindi, hofu hiyo ina msingi, maana chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo hadi shamba la jirani. Matooke ni tasa. Hayana mbegu ya kupeleka jeni popote. Mgomba husafiri mahali pamoja tu: kwenye bega la mtu anayebeba chipukizi. Ndiyo maana nasema mmea upimwe peke yake. Hatari ya kweli ya mazingira iko kwingine, nayo ni kufanana. Bogoya, ndizi tuliyozoea kuila mbivu, ni Gros Michel, ile iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi katikati ya karne iliyopita, ndipo ugonjwa wa Panama ukayafagia mashamba yake Amerika ya Kati kwa sababu yote yalikuwa mmea mmoja uliorudiwa mara milioni. Kama Kawanda itatoa aina moja tu yenye kinga, na nchi nzima ikaacha nyingine zote kwa ajili yake, tutakuwa tumemkimbia chui na kuingia pangoni kwa simba. Kinga iingizwe katika aina nyingi, na zile za zamani zitunzwe.

Lakini msisahau mazingira yaliyo mbele ya macho yetu. Lusuku hufunika udongo mwaka mzima. Majani yake huanguka na kuwa matandazo, mizizi hushika mteremko, na kivulini hukua kahawa na maharage. Migomba ya Jjajja ilipokufa, tulipanda mahindi. Mvua ya kwanza ilibeba udongo mwekundu hadi barabarani. Nililiona kwa macho yangu. Kila mwaka tunaochelewa, kuna mteremko fulani unaobaki uchi.

Sasa nifike kwenye shina la hasira yangu, ambalo ni sheria. Muswada wa bioteknolojia na usalama wa kibayolojia wa mwaka 2012 uliletwa katika Bunge la Uganda. Bunge liliupitisha Oktoba 2017. Desemba mwaka huo Rais aliurudisha bila kuutia saini, akitaka ufafanuzi juu ya mambo kadhaa, likiwemo suala la haki za wakulima waliotunza mimea yetu ya asili kwa vizazi. Bunge liliufanyia kazi na kuupitisha tena Novemba 2018 kwa jina jipya. Mwaka 2019 Rais aliukataa tena. Tangu hapo mambo yamelala.

Wengi walisherehekea. Walisema tumeokoka. Nawauliza: tumeokoka na nini? Kukosa sheria hakuzuii jeni. Kunazuia tu jeni zetu, zile zilizo mikononi mwa watafiti wa umma wanaofuata taratibu. Mtafiti mwaminifu wa Kawanda hawezi kutoa mche hata mmoja nje ya uzio. Lakini mfanyabiashara asiye mwaminifu anayevusha magunia ya mbegu usiku pale Busia au Malaba hahitaji sheria ili aendelee na kazi yake. Akikamatwa, tutamshtaki kwa kifungu gani? Mbegu yake ikimharibia mkulima shamba, nani atalipa? Nchi isiyo na sheria haijakataa bioteknolojia. Imekataa kuisimamia.

Na mashaka ya Rais kuhusu haki za wakulima yalikuwa ya haki kabisa. Jibu la mashaka hayo lilikuwa kuandika kifungu kizuri zaidi, wala si kuzima taa na kwenda kulala. Mimi si mwanasheria, ni mwanafunzi wa lugha, lakini naweza kuandika masharti manne ambayo Jjajja wangu angeyaelewa. Kwanza, mgomba uliotengenezwa na taasisi ya umma ubaki mali ya umma. Mtu yeyote asipewe hataza juu yake, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia. Pili, mkulima awe huru kugawa machipukizi kwa majirani na kwa binti anayeolewa, kama tulivyofanya siku zote. Tatu, kinga iingizwe katika aina kadhaa, na asiyeitaka aendelee kupata miche ya kawaida. Nne, anayeuleta mmea awajibike: ukileta madhara ambayo yangeweza kujulikana, alipe, na mkulima asilazimishwe kuwa na wakili ili alipwe. Muswada wa 2018 ulikuwa na kifungu kikali cha fidia, na watafiti walilalamika kwamba kingewatisha hata wao. Hayo ndiyo mabishano tunayopaswa kuwa nayo. Tubishane juu ya ukali wa kifungu cha fidia. Tumechoka kubishana kama ndizi ni shetani.

Kwa nini hatubishani hivyo? Hapa nawageukia ninyi, wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, na ninyi wahadhiri wetu. Muswada wote uliandikwa kwa Kiingereza. Ripoti za majaribio ziko kwa Kiingereza. Mikutano ilifanyika hotelini kwa Kiingereza. Kilichofika kijijini kilikuwa tetesi: kwamba ukila ndizi za Kawanda hutazaa, kwamba zina jeni za nguruwe. Mtu akinyimwa maelezo katika lugha anayoielewa, atajaza pengo kwa hofu. Hilo si kosa lake. Na ugonjwa wenyewe hauheshimu mipaka: mkulima wa Masisi, wa Muleba na wa Kayunga wanapoteza mgomba ule ule kwa bakteria wale wale, na lugha moja ambayo wangeweza kupashana habari ndani yake ni hii tunayojifunza. Katiba yetu iliitambua kama lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Tumeifanyia nini? Tunaandika tasnifu juu ya tamathali za usemi, jambo jema, lakini ni wangapi kati yetu wanaweza kumweleza mkulima maana ya jeni, hataza, au fidia kwa sentensi tatu zisizo na uongo? Ndiyo sababu nilibabaika katika mdahalo ule. Hoja nilikuwa nazo. Maneno nilikuwa nayo kwa Kiingereza tu.

Jjajja yu hai. Mwaka juzi tulimnunulia miche thelathini ya tishu, naye ameipanda upande wa juu, mbali na shamba lililoachwa. Kisu chake anakichoma motoni kabla ya kila mgomba, na mimi nikiwa likizo ananisimamia nikichome mbele ya macho yake. Mpaka leo hajawahi kunitajia jioni ile.

Naomba chama chetu kiandae mdahalo mwingine muhula ujao. Mada naipendekeza mwenyewe: "Bunge la Uganda litunge sheria itakayomruhusu mkulima kupanda mgomba wa umma wenye kinga dhidi ya mnyauko." Msemaji aliyeinua ndizi aje nayo tena. Mimi nitakuja na kisu.